Kufuatilia ukuaji wa mtoto Bukavu: mwongozo kamili kwa mzazi, kuanzia maternite hadi miaka 5

Siku ya CPS, yaani kliniki ya kupima na kuchanja watoto wadogo, benchi za kituo cha afya hujaa kwa sababu ya sindano. Mama wa Kadutu au Bagira hakosi Penta, hakosi polio, na kwenye miezi 9 anamleta mtoto kwa surua na homa ya manjano. Baada ya hapo wengi hawaonekani tena. Wanahesabu kuwa kazi imekwisha, na kituo nacho mara nyingi hakiwafuati.

Ni bahati mbaya, kwa sababu kati ya miezi 6 na miaka 2 ndipo watoto wengi huharibikiwa. Maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena, chakula kinaanza, mtoto anatambaa chini na kutia kila kitu kinywani, kuhara na malaria vinapokezana. Uchunguzi wa MICS, ule wa nyumba kwa nyumba nchi nzima, wa 2017-2018 ulikuta watoto 42 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 nchini Kongo ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mtoto wa namna hiyo haumwi na wala halii usiku. Anacheza na wenzake, na watu wanasema tu kwamba ana mwili mdogo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mzazi anayetaka kujua muganga anapima nini, asome mwenyewe kilichoandikwa kwenye kadi, na ajue wakati wa kuuliza swali.

Hatua ya 1: Kadi na tarehe

Kadi ya mtoto unapewa maternite au siku ya kwanza kituoni. Kabla hujaondoka, hakikisha tarehe ya kuzaliwa na uzito wa kuzaliwa vimeandikwa, na kama mtoto alizaliwa kabla ya wakati, mimba ilikuwa na wiki ngapi. Hilo la mwisho husahaulika sana. Mtoto aliyewahi kwa miezi 2, akifika miezi 8 analinganishwa na watoto wa miezi 6, kwa kilo, kwa kukaa na kwa kutambaa, na inaendelea hivyo mpaka afikishe miaka 2. Chanjo peke yake ndizo zinafuata umri wa kalenda.

Umri unahesabiwa kwa miezi iliyotimia. Aliyezaliwa tarehe 20 Machi, tarehe 12 Septemba bado ana miezi 5. Usiseme "sita hivi". Mvulana wa kawaida ana kilo 4.5 akiwa na mwezi 1, na kilo 5.6 akiwa na miezi 2, kwa hiyo kukosea mwezi mmoja tu katika umri huo ni kukosea kilo nzima.

Kila mnapotoka kupimwa, piga kadi picha kwa simu, upande wa mbele na upande wa mistari, kisha mtumie baba yake au dada yako. Miaka hii familia zimehama mara nyingi, nyingine usiku bila kubeba kitu, na kadi ni kati ya vitu vya kwanza kupotea. Muganga wa mahali pengine anaweza kuendelea vizuri kabisa kutoka kwenye picha.

Hatua ya 2: Kupata kilo ya kweli

Vituo vingi vina mizani ya kuning'inia yenye pantaloni ya kumvalisha mtoto. Vingine vina mizani ya umeme: mama anapanda kwanza peke yake, mashine inafutwa irudi sifuri, kisha anapewa mtoto. Zote mbili ni nzuri zikitumiwa sawasawa.

Shida kubwa ya Bukavu ni baridi ya asubuhi. Mtoto analetwa na kofia, pulova mbili na pampasi iliyolowa, na mama anaogopa kumvua. Sasa fikiria: mvulana wa kawaida anatoka kilo 9.6 kwenye mwaka 1 hadi 12.2 kwenye miaka 2, yaani kama gramu 200 kwa mwezi. Nguo zile na pampasi ile zinaweza kufunika miezi miwili ambayo mtoto hakuongeza chochote. Mvue. Anapimwa katika dakika moja, na kanga yako iko karibu.

Angalia pia mshale uko kwenye 0 pantaloni ikiwa tupu, na kwamba anayesoma ameweka macho usawa na mshale, mtoto akiwa ametulia. Mwombe ataje namba kwa sauti, kisha uone kama hiyo hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye kadi. Ikiwa namba ni ya ajabu, kwa mfano mtoto amepoteza kilo nzima na hakuumwa, omba apimwe upya kabla ya kuanza kuhangaika. Hakuna muganga mzuri atakayekasirika kwa hilo.

Urefu ni hadithi nyingine. Siku foleni ni ndefu, ubao wa kupimia urefu unabaki umeegemea ukutani, maana unahitaji watu wawili: mmoja anashika kichwa, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Omba mwenyewe apimwe urefu walau kila miezi 3. Chini ya miaka 2 anapimwa amelala, baada ya hapo anasimama. Akisimama anaonekana mfupi kwa karibu sentimita 0.7, kwa hiyo usishtuke nukta ikishuka kidogo siku ya kubadilisha. Kwa kawaida mtoto anazaliwa na sentimita kama 50, anaongeza 25 katika mwaka wa kwanza, na kama 12 katika mwaka wa pili.

Kichwa hupimwa kwa utepe juu ya nyusi na kuzunguka nyuma pale kilipotokeza zaidi: kama sentimita 34 kwa mtoto mchanga, 45 au 46 kwenye mwaka 1. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi umevimba, macho yanatazama chini, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Kusoma mstari

Mistari ya kadi inatoka kwa Shirika la Afya Duniani, lililoitangaza mwaka 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa, ambao mama zao hawakuvuta sigara na nyumba zao hazikuwa na shida kubwa. Kilichoonekana ni kwamba wakitunzwa vizuri, watoto wadogo wa nchi hizo zote wanakua karibu sawa. Kwa hiyo "kwetu sote ni wafupi" ni jibu dhaifu kwa mtoto wa miaka 2. Baba mfupi anaweza kupata mtoto mfupi, sawa, lakini mtoto huyo atafuata mstari wake wa chini bila kuuacha.

Mstari wa kati unaonyesha mtoto wa katikati kabisa. Mvulana: kilo 3.3 akizaliwa, 7.9 kwenye miezi 6, 9.6 kwenye mwaka 1. Msichana: 3.2, kisha 7.3, kisha 8.9. Kuwa chini ya mstari huo si ugonjwa; nusu ya watoto wazima wako chini yake. Mstari wa hatari uko mbali zaidi, ule wa alama -2. Kwenye mwaka 1 unapita kilo 7.7 kwa mvulana na 7.0 kwa msichana.

Hapa ndipo wazazi na waganga wenye haraka hupotezwa. Chukua mfano wa msichana aliyezaliwa na kilo 3.1. Kwenye wiki 14 ana kilo 6.0, vizuri kabisa. Miezi 6 ana 6.9. Miezi 9, siku ya surua, ana 7.1. Mwaka 1 ana 7.2. Kila mara nukta yake iko juu ya -2, na kila mara mama anaambiwa kilo iko sawa. Unganisha nukta kwa biki: mstari ulipanda vizuri hadi miezi 6, kisha ukalala. Katika nusu mwaka mtoto ameongeza gramu 300, wakati msichana wa kati anaongeza kilo 1.6. Huyu mtoto yuko matatani tangu miezi 9, ila hajafika bado kwenye namba inayomshtua muganga. Mama aliyeridhika na chanjo asingerudi kwenye mwaka 1, na hata ile nukta ya mwisho isingekuwepo.

Kwa hiyo usiulize "ana kilo ngapi?" Uliza "mstari wake unaelekea wapi?" Unaopanda sambamba na mistari ya kadi ni mzuri, hata ukiwa chini. Uliolala kwa vipimo viwili mfululizo unahitaji maelezo. Unaoshuka unahitaji maelezo leo. Kuna pia mtoto anayepanda kupita kiasi, wa soda na biskuti, naye anazidi kuonekana mjini, lakini huyo ana muda wa kurekebishwa.

Jambo moja la kipekee: siku za kwanza baada ya kuzaliwa mtoto hupoteza uzito, hadi sehemu 10 kwa 100, kisha anaurudisha kufikia wiki 2. Mama asiachishwe kunyonyesha kwa sababu ya hilo.

Hatua ya 4: Mkono na miguu

Kuanzia miezi 6, utepe wa rangi tatu hupima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia bila kukazwa. Milimita 125 na zaidi ni kijani. Chini ya 125 hadi 115 ni njano. Chini ya 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Reko wengi, yaani wahudumu wa afya wa mtaani, wanao utepe huo na wengine wanafundisha akina mama kupima nyumbani. Ukipata nafasi ya kufundishwa, ichukue: ni kipimo pekee ambacho hakihitaji mizani wala kuhesabu umri.

Halafu miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Pakibaki shimo pande zote mbili, huo ni bwaki, utapiamlo wa kuvimba, hata kama utepe unaonyesha kijani. Watu wa Kivu wanaujua tangu zamani, na hospitali ya watoto ya Lwiro, kule Kabare, imeupokea kwa miongo mingi. Lakini bado unadanganya watu, kwa sababu maji yaliyojaa mwilini yana uzito: kilo inapanda, mashavu yanajaa, na majirani wanampongeza mama. Tazama nywele zinazogeuka rangi na kung'oka kirahisi, ngozi inayobanduka, na mtoto aliyenuna asiyetaka kucheza.

Mwenye nyekundu ambaye bado ana hamu ya kula hutibiwa kwenye UNTA, huduma ya utapiamlo bila kulazwa, akirudi nyumbani na paketi za Plumpy'Nut, chakula cha tiba cha karanga. Kwa mwenye bwaki, muganga anaangalia kwanza uvimbe umefika wapi. Uliopanda hadi mikononi na usoni, au mtoto kukataa kula, kutapika, kuwa na homa au kulegea, humpeleka UNTI, anakolazwa ndani ya hospitali. Paketi hizo ni dawa ya mtoto mmoja; zikigawanywa kwa ndugu zake wote hakuna atakayepona.

Hatua ya 5: Mstari ukilala, tafuta sababu kabla ya kununua kitu

Famasia ya kona itakuuzia siropu ya hamu. Achana nayo kwanza. Jibu maswali haya kwa ukweli, ukiwa na muganga au peke yako: Aliumwa nini mwezi huu, kuhara mara ngapi, homa mara ngapi? Kuna mtu nyumbani anayekohoa zaidi ya wiki 2? Bado ananyonya, au uliacha ghafla kwa sababu ya mimba nyingine? Na lile ambalo wengi hawaulizwi: ukienda sokoni Kadutu tangu asubuhi, nani anamlisha, na anampa nini?

Mara nyingi jibu liko kwenye swali la mwisho. Mtoto anabaki na dada wa miaka 8 na chupa ya uji mwepesi unaotiririka kama chai. Tumbo dogo linajaa maji.

Anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 au 3 kwa siku; kuanzia miezi 9 mara 3 au 4, pamoja na kitu kidogo katikati. Uji uwe mzito, usianguke kwenye kijiko ukikiinamisha. Unga wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, ni msingi mzuri, soya ikiwa imekaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Ongeza kijiko cha mafuta ya mawese au karanga zilizosagwa. Sambaza, wale samaki wadogo, waliokaushwa na kutwangwa hadi wawe unga wanaingia kwenye uji, kwenye maharagi, kwenye lengalenga, na mtoto hachomwi na mifupa. Yai likipatikana, la mtoto kwanza. Avoka ya msimu, iliyopondwa, haihitaji hata moto. Bugali na mchuzi wa sombe bila kitu kingine unashibisha, lakini haujengi.

Na chakula chake kiwe kwenye sahani yake. Kwenye sinia moja na wakubwa, mwenye mkono mdogo anashindwa kila siku.

Kituoni uliza pia kama amepata vitamini A, kila miezi 6 kuanzia miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1.

Hatua ya 6: Anafanya nini sasa ambacho mwezi uliopita hakufanya?

Muganga mwenye watoto wengi asubuhi moja hatakuuliza hili, na hata akiuliza, mtoto aliyelia kwenye mizani hatamwonyesha kitu. Ni kazi ya mzazi kuja na jibu. Rekodi video fupi kwa simu nyumbani, mtoto akiwa ameshiba na hana usingizi: anavyoshika kitu, anavyokaa, anavyoita. Sekunde 20 zinatosha.

Kwanza mwili. Shirika la Afya Duniani lilipima pia hatua hizi, na nafasi ni pana kuliko majirani wanavyodhani. Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti: 5.2 hadi 13.5. Kusimama peke yake: 6.9 hadi 16.9. Kutembea peke yake: 8.2 hadi 17.6. Kwa hiyo wa miezi 14 asiyetembea hana kosa lolote, na kumlinganisha na mtoto wa shangazi aliyetembea kwenye miezi 10 ni kujitesa. Watoto wachache, kama 4 kwa 100 katika uchunguzi huo, hawakutambaa kwa magoti kabisa. Walipita moja kwa moja kwenye kusimama.

Lakini anahitaji mahali pa kujaribu. Nyumba za Cimpunda na za miteremko mingine hazina uwanja, chini ni tope au ni baridi, basi mtoto anashinda mgongoni. Mgongo wa mama ni mzuri kwa usingizi na kwa utulivu. Tafuta hata nafasi ya mkeka mmoja, mara chache kwa siku, alale kifudifudi akiwa macho na mtu yuko karibu.

Kisha sauti na akili. Kufikia miezi 2 hivi anakutabasamia ukimtazama. Kwenye miezi 4 anashikilia kichwa na kugeukia sauti. Miezi 6 hadi 9 anaanza "ba-ba-ba", na mkono unahamisha kitu kwenda mkono wa pili. Kwenye mwaka 1 anaokota punje kwa vidole viwili, anapunga mkono, anaelewa "hapana", na neno la kwanza liko njiani. Miezi 18 ananyoosha kidole kukuonyesha anachotaka. Miaka 2 anaunganisha maneno mawili, "mama maji".

Nyumba nyingi hapa zina Mashi ya bibi, Kiswahili cha mtaani na Kifaransa cha baba. Hesabu maneno ya lugha zote kwa pamoja. Anayesema "mama" kwa Kiswahili, neno la maji kwa Mashi na "papa" kwa Kifaransa ana maneno matatu. Wingi wa lugha hauchelewishi mtoto, na hakuna haja ya kumkataza bibi Mashi yake.

Mpeleke bila kungoja siku ya CPS inayofuata ukiona mojawapo ya haya: hashtuki kwa mlio mkubwa, hatabasamu kwa mtu kwenye miezi 3, kichwa bado kinaanguka kwenye miezi 5, hakai ingawa amepita miezi 9, hatembei kwenye miezi 18, hana neno hata moja kwenye miezi 18, mwili umekakamaa au umelegea kama kitambaa, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka 1, maana mwingine unaweza kuwa dhaifu. Na lililo zito kuliko yote, katika umri wowote: alikuwa anasema au anatembea, sasa ameacha.

Masikio yanastahili neno lao. Usaha unaotoka sikioni mara kwa mara unapunguza kusikia, na mtoto asiyesikia vizuri hachelewi kitu kingine ila kusema. Watu wanasema ni mkaidi. Mjaribu: mtu amshike akicheza, wewe simama nyuma yake asikuone, umwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine kabla ya kuamua.

Hatua ya 7: Ukipelekwa mbele

Ukiambiwa "atakua tu" na wewe moyo haujatulia, omba karatasi ya kupelekwa hospitali kuu ya zona ya afya, au kwa daktari wa watoto pale hospitali ya mkoa au Panzi. Nenda na kadi, video, na mambo ya mimba na kuzaliwa: alilia mara moja? Manjano ilikuwa kali? Aliwahi kulazwa kwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo? Kwa watoto wenye ulemavu wa mwili, kituo cha Heri Kwetu hapa Bukavu kinajulikana. Mazoezi yakianza kwenye miezi 10 yanasaidia kuliko yakianza kwenye miaka 4, kwa hiyo usipoteze mwaka kwenye vyumba vya maombi na dawa za kienyeji kwanza. Maombi yanaweza kuendelea sambamba na hospitali.

Baada ya chanjo ya mwisho

Mimi nashauri hivi: kila mwezi hadi mwaka 1, kila miezi 2 hadi miaka 2, kila miezi 3 hadi miaka 5. Ikiwa kituo kinashangaa kukuona bila chanjo, sema umekuja kupima kilo na urefu. CPS ni ya watoto wote hadi miezi 59. Akifika miaka 3 anapaswa kusema sentensi fupi ambazo hata mgeni anaelewa nyingi kati yake, kupanda ngazi na kucheza mchezo wa kuigiza, kama kupika kwa kopo tupu. Kwenye miaka 4 na 5 ongeza macho: anayesogelea sana picha au anayepinda kichwa ili aone apelekwe kwa daktari wa macho kabla ya kuingia shule, na ile kadi ya zamani yenye nukta zote aende nayo.